Kitambaa cha Alfajiri

Siku shemeji yake alipoingia kitaluni na koti jeupe, Msonyo alimtazama kuanzia viatu mpaka kola, akashuka tena kuanzia kola mpaka viatu, kisha akafanya kile kilichompa jina. Akavuta hewa kwenye meno, taratibu, bila haraka, msonyo mrefu uliopita juu ya meza zote za miche ukaishia kwenye mlango wa nyuma. Wenzake watatu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Koti jeupe kwenye banda la mboji, jamani. Saa nne haijafika, mfuko mmoja ulishakuwa na doa la udongo, na mwenye koti alikuwa akilisugua kwa mate.

Kitalu chenyewe kilikuwa banda refu la nailoni, meza za chuma kulia, meza za chuma kushoto, na njia moja katikati ambayo watu wawili wakikutana sharti mmoja ajibanze. Juu ya meza zilipangwa trei za vishimo, na kila kishimo kilikuwa na mche mmoja wa nyanya. Wakulima walitoka mbali kuja kununua hapo kwa sababu moja tu. Miche ya hapo ilikuwa mifupi, mashina yamenenepa, imesimama wima, na ukiihamishia shambani haikulala chini kama mgonjwa. Vitalu vingine viliuza miche mirefu isiyo na nguvu, iliyoanza kuinama kabla hata mteja hajafika kwake.

Msonyo alikuwa na miaka kumi na tisa humo ndani. Yeye na wenzake watatu waliitwa watu wa vitambaa. Kila mmoja alikuwa na fimbo iliyofungwa kitambaa cha pamba kinachoning'inia, na mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kumwagilia na alasiri majani yakishakauka, walipita na fimbo hizo wakiburuta vitambaa juu ya vichwa vya miche, kwenda na kurudi mara kumi, wakiiinamisha kidogo na kuiacha isimame tena. Bosi aliamini wanafuta vumbi. Hakuwahi kuuliza, na Msonyo hakuwahi kumwambia, maana hakuona kwa nini mtu asiyeuliza apelekewe jibu mpaka mlangoni. Mwenyewe alifundishwa na shangazi yake, ambaye naye hakueleza sana. Alisema tu kwamba miche isiposumbuliwa inadeka, inakimbilia kurefuka, mwishowe haijiwezi. Msonyo aliona hayo yanatosha.

Huyo mwenye koti alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe. Msonyo alipoolewa alimkuta ni mtoto wa kulia akikatwa kucha. Sasa alikuwa amerudi kutoka chuoni na shahada ya homoni za mimea, bosi akamwajiri kuwa mtaalamu, na tangu hapo mdomo wake haukukauka. Msonyo akamwita Profesa kwa kumkejeli. Loo, kijana akalipenda jina. Wiki haikuisha akawa anajitambulisha nalo kwa wateja.

"Shemeji," alimwambia siku hiyo ya kwanza, ameegemea meza, jambo ambalo hata paka wa kitalu alijua halifanywi, "unajua mbegu inaotaje?"

"Namwaga maji, inaota."

"Hayo ni ya juu juu. Ndani ya mbegu kuna homoni mbili zinabishana. Moja inasema lala, nje bado hakufai. Nyingine, inaitwa jibereli, inasema amka. Maji yakiingia, jibereli inapata nguvu, inaamuru chakula kilichofungiwa ndani kifunguliwe, ndipo kimzizi kinachungulia."

"Na anayemwaga maji ni nani kati ya hao wawili?"

Wanawake wakaangua kicheko. Profesa naye akacheka, meno yote nje, kama mtu asiyejua kwamba anayechekwa ni yeye. Kisha akaitazama fimbo mkononi mwa Msonyo.

"Na hicho kitambaa ni cha nini, shemeji? Nauliza kweli."

Msonyo akamsonya. "Cha kufuta," akasema, akageuka na kuendelea na kazi yake.

Mwezi wa kwanza Profesa aliwapa cha kuzungumza. Mbegu za pilipili hoho huota kwa maringo, unaweza kuzingojea mpaka ukasahau kwamba ulipanda, basi yeye akaamua kuziamsha kwa jibereli ya chupa. Akaziloweka kwenye maji aliyotia dawa kijiko kizima, mahali ambapo maandishi ya chupa yalitaka ncha ya kijiko. Kuota ziliota, tena upesi, hilo Msonyo hakulikataa. Lakini miche ilitoka imepauka, myembamba kama uzi, ikarefuka mpaka ikashindwa kujibeba, na siku ya nane trei arobaini zilikuwa zimelala kifudifudi. Profesa akasimama katikati yake na daftari, anaandika.

"Inavutia sana," alisema.

"Basi mwite bosi naye aje avutiwe," Msonyo akamjibu.

Aliyecheka kidogo kuliko wote siku hiyo alikuwa wifi yake Msonyo, dada mkubwa wa huyo Profesa, naye ni mtu wa vitambaa. Alikuwa mjane, watoto watatu shuleni, hana wa kumtegemea ila mikono yake. Huyo mdogo wake, yeye ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe wa kumzaa.

"Msimkalie sana kichwani," alisema akizoa trei zilizokufa. "Atajifunza tu."

"Atajifunza kwa hasara ya nani, wifi?"

Jibu halikukawia. Bosi alipata wateja wapya, akataka trei ziongezwe mara mbili kwenye meza zilezile, zibanane. Profesa akamwambia ukweli, maana zilikuwepo siku ambazo hata yeye alisema ukweli. Miche ikibanana, alisema, inanyang'anyana mwanga, kila mmoja unataka kumpita jirani yake, na yote inaishia kurefuka ovyo. Dawa yake ipo. Inazuia jibereli isitengenezwe, mche unabaki mfupi upende usipende. Anatosha mtu mmoja na pampu ya mgongoni, mara moja kwa wiki, basi. Kuhusu hawa wa kufuta vumbi, aliongeza, vumbi halijawahi kuua mche wa nyanya.

Bosi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeamini anachokiona kwa macho na kukisahau anachoambiwa. Akawakusanya wote mlangoni.

"Wiki tatu za majaribio," alisema. "Upande wa kushoto utapigwa dawa. Upande wa kulia hautapigwa. Vitambaa vitapumzika pande zote mbili, nyinyi mtaosha trei huko nje. Kulia ikirefuka na kushoto ikabaki mifupi, nitanunua hiyo dawa, na watu wa vitambaa tutaagana kwa wema."

"Kwa nini vitambaa vipumzike?" Msonyo akauliza.

"Ili kibadilike kitu kimoja tu, shemeji," Profesa akamjibu kwa sauti ya kumfundisha mtoto kuhesabu. "Huku dawa ipo, huku haipo. Mengine yote sawa. Ndivyo majaribio yanavyofanywa."

Mchana huo Msonyo alipita bombani akamkuta wifi yake amesimama na mdogo wake. Wifi alikuwa amekunja mikono ndani ya aproni, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Na mimi nikiagwa, niende wapi?"

"Dada, sayansi haiangalii undugu," Profesa akasema, macho kwenye daftari.

Mtu amekubeba, amekulisha, amekufuta makamasi, halafu hata uso humwinulii. Huyo ndiye msomi wa ukoo. Msonyo alingoja Profesa aondoke, akamshika wifi yake mkono uliolowa.

"Hutoki hapa. Nakuahidi."

"Utafanya nini, wifi?"

"Wewe osha trei."

Kwa kweli Msonyo aliyaelewa majaribio yale vizuri kuliko alivyodhaniwa. Hakuhitaji chuo. Kulia ikirefuka, wao wanatoka. Basi kulia isirefuke. Dawa ionekane ni maji ya bomba, bosi aikatae, Profesa aaibike mbele za watu, na vitambaa virudi kazini. Aliliona jambo limenyooka kabisa, na alishangaa kwa nini watu wanasumbuka kusoma.

Funguo za banda zilikuwa zake. Kila siku alfajiri, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unapenya kwenye nailoni, aliingia peke yake na kitambaa alichokificha kiunoni. Fimbo zilikuwa zimefungiwa stoo, kwa hiyo alikifunga kwenye mpini wa ufagio, akaanza meza ya kwanza ya kulia. Mara kumi kwenda, mara kumi kurudi. Kazi ya watu wawili aliifanya peke yake, mabega yakimwaka moto. Upande wa kushoto hakuugusa hata kwa sketi yake. Wenzake wakifika walimkuta nje kwenye beseni, anaosha trei kama mtu aliyeamka akiwa na kazi hiyo tu.

Zamu ya pili aliifanya mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Profesa akishakula alikuwa na desturi ya kujinyoosha juu ya magunia ya mboji nyuma ya banda, mdomo wazi, koti amelitundika kwenye msumari lisikunjamane. Alikoroma mpaka saa nane. Mtaalamu gani analala usingizi wa namna ile majaribio yake yakiwa hatua ishirini tu kutoka kichwani kwake? Msonyo alipita naye akikoroma, anaburuta kitambaa, na tusidanganyane, alifurahia. Miaka mingi hakuwahi kufanya kazi kwa raha vile.

Hakumwambia mtu. Wenzake angewaambia kicheko kingewatoka, na wifi yake ana uso usioweza kuficha hata njaa. Nyumbani mumewe alimuuliza kwa nini anatoka mapema hivi, akajibu trei ni nyingi. Mume akasema, "Mvumilie yule mtoto, ndiye wa mwisho kwetu." Msonyo akachukua funguo akatoka, na mumewe akadhani amekubali.

Wiki ya pili bomba la kitalu liliharibika, miche ikakaa nusu siku bila maji. Profesa akawafuata wanawake huko nje kwenye beseni kuwaelimisha, maana alipenda kuelimisha watu walioinama.

"Mmea nao una homoni ya shida, shemeji. Ukipata kiu, homoni hiyo inafika kwenye majani, yanafunga vinywa vyake, vile vidogo visivyoonekana, ili maji yasipotee. Na ukipata shida kidogo kidogo unakomaa, unakuja kuvumilia kubwa."

"Hata mimi nikikuona nafunga mdomo," Msonyo akasema.

"Mbona bado hujaufunga?"

Wanawake walicheka, safari hii wakiwa upande wa Profesa. Msonyo alisonya, lakini msonyo wenyewe haukutoka vizuri. Akasugua trei ile kwa nguvu mpaka ikapasuka pembeni.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu bosi alifika mapema. Wanawake wanne walisimama mlangoni, mikono imekauka, aproni zimefuliwa. Profesa alikuwa na rula, daftari na koti jipya. Akaanza kushoto, kwenye dawa, akapima mche mmoja katika kila trei ya tano na kutaja namba kwa sauti. Kwa wastani, sentimita kumi na mbili. Akavuka njia kwenda kulia huku akitabasamu. Akapima wa kwanza. Akapima wa pili. Akaifuta rula kwenye koti, akapima tena ule wa kwanza.

"Ngapi?" bosi akauliza.

"Kumi na mbili na nusu."

Akaendelea meza kwa meza, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili, na kila namba sauti ilizidi kushuka. Wifi alikuwa ameushika mkono wa Msonyo na kuubana mpaka vidole vikafa ganzi. Msonyo alikuwa akila raha yake kimya kimya. Shahada nzima, makoti mawili, na ufagio umemshinda.

"Kwa hiyo dawa haina kazi," bosi akasema.

"Sielewi. Hii ilipaswa irefuke."

"Haikurefuka."

"Haikurefuka," Profesa akakubali. Alionekana mdogo ndani ya lile koti.

Ingekuwa bosi ni mtu wa kusema na kuondoka, hadithi ingeishia hapo na Msonyo angecheka mpaka leo. Lakini bosi alibaki amesimama mbele ya meza za kulia, mikono nyuma, anaitazama miche kwa muda mrefu.

"Wiki tatu," alisema, kama anaongea peke yake. "Imebanana. Haikupigwa dawa. Haikufutwa vumbi. Na iko hivi." Akawageukia wanawake. "Basi dawa ya nini? Na nyinyi, mama zangu, mniwie radhi, miaka yote hii nimekuwa nikiwaweka humu na vitambaa kwa ajili ya nini?"

Mtego Msonyo aliuona hapo, na aliyeutega alikuwa yeye. Alijitahidi sana kuonyesha kwamba dawa haihitajiki, akaonyesha kwamba na yeye hahitajiki. Mkono wa wifi ukalegea ndani ya mkono wake. Bosi alikuwa tayari anataja mwisho wa mwezi.

"Imefutwa," Msonyo akasema.

"Nini?"

"Hiyo ya kulia imefutwa. Nimeifuta mimi. Kila siku alfajiri, na kila mchana huyu akikoroma kwenye magunia. Kulia tu."

"Kwa nini?"

"Ili dawa yake ionekane bure."

Alilisema bila kupepesa, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kulisema. Bosi akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilimkera kuliko kufukuzwa. "Mama, unasema hivyo kwa kuwa nimewaaga."

"Nenda kaangalie nyuma ya nguzo ya mwisho. Kwenye kona. Pale mpini wa ufagio haufiki."

Kwenye ile kona Profesa hakuwa amepima. Kulikuwa na tope, na kufika huko ilibidi mtu ajipenyeze kati ya nguzo na nailoni, koti lingechafuka. Sasa akajipenyeza. Kulikuwa na trei mbili. Walimwona akiinama, wakasikia rula ikigonga meza mara mbili.

"Kumi na tisa," alisema. "Na huu ishirini."

Akatoka na trei moja mikononi, miche mirefu inapepesuka, akaiweka kando ya ile mifupi. Koti lilikuwa na tope mgongo mzima na hakulijali. Akakinyoosha kidole cha shahada, akaugusa mche mmoja kichwani, ukainama, ukasimama. Akaugusa tena.

"Ni mguso," alisema polepole. "Mmea ukiguswa kila siku, ukitikiswa, unajiona kama upo penye upepo mkali. Unatoa ethilini, hewa fulani, huwezi kuiona. Nayo ni homoni. Inauambia usirefuke, utavunjika, nenepesha shina kwanza. Na jibereli yenyewe inapungua, bila dawa ya mtu." Akamwangalia Msonyo. "Nilisoma haya mwaka wa pili, shemeji. Nilifanyia mtihani. Na kila siku nilikuwa nakiangalia hicho kitambaa."

Miaka kumi na tisa mkono wa Msonyo ulikuwa unaiambia miche kwamba kuna upepo, na yeye mwenyewe hakujua. Shangazi yake alikufa bila kujua. Aliyekuja kumweleza ni mtoto wa kulia akikatwa kucha. Alisikia furaha, furaha kabisa ya moyoni, na papo hapo akaionea aibu.

"Kwa hiyo kitambaa ndicho dawa," bosi akasema.

"Ndicho. Tena hiki hakina sumu."

Wifi alishusha pumzi kwa sauti. Mmoja wa wenzao akaanza kufungua mlango wa stoo kwenda kuchukua fimbo.

"Na ni kugusa tu?" bosi akauliza. "Hakuna kingine?"

"Kugusa tu, mara nyingi, kwa kiasi kilekile." Profesa alikuwa ameshafungua daftari, anachora haraka haraka, macho yanang'aa. "Yaani hata si lazima awe mtu. Bomba jepesi, linavuka kutoka ukingo mpaka ukingo wa meza, lina magurudumu, vitambaa vimening'inia chini yake. Mota ndogo tu. Litapita lenyewe mara ishirini kwa siku, hata Jumapili. Halichoki, halisahau kona."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuumiza Msonyo zaidi. Alisema akimtazama yeye, anatabasamu, kama anayemkabidhi zawadi. Bosi aliutazama mchoro, akautazama kwa upande wa pili, akatikisa kichwa kukubali.

"Atatakiwa mtu mmoja wa kulisimamia," akasema.

Bomba hilo la vitambaa lilifungwa juu ya meza mwezi uliofuata. Wawili kati ya wanne walishaondoka. Siku ya tatu wifi naye alikuja kuchukua ndala zake na kikombe chake stooni. Msonyo alikuwa amekwenda kwa bosi mara mbili kuomba wabadilishane, wifi abaki na yeye atoke, na mara zote mbili bosi alisema hapana, anayeijua kazi ni yeye.

Wifi alikuwa akikunja aproni, kona kwa kona, kwa utaratibu.

"Ungemjibu tu," alisema.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Siku ile ya kwanza. Alikuuliza kitambaa ni cha nini, akasema anauliza kweli. Nilikuwepo."

"Alikuwa anajidai."

"Alikuwa anajidai, ndiyo. Na alikuwa anauliza." Akaiweka aproni juu ya rafu. "Ungemwambia, wangepima kitambaa na dawa. Tungekuwa watu wenye ufundi wao. Tumekuwa watu wa vumbi mpaka siku ya kuondoka."

Msonyo alitaka kusema kwamba bomba lingekuja tu, siku moja lingekuja, watu kama Profesa hawaishi kuchora. Pengine ni kweli. Lakini wifi hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushindani naye. Akamsindikiza mpaka mlango wa banda. Hawakuahidiana kitu.

Ndani, Profesa alikuwa amepiga magoti kando ya bomba, mkasi mkononi, vitambaa vinaning'inia bila mpango, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Siku hizi hakuvaa koti.

"Shemeji, hapa nimekwama," alisema. "Vitabuni hawakuandika viishie wapi. Vishuke kiasi gani? Nauliza kweli."

Msonyo alisimama juu yake. Alijua jibu kuliko alivyojua jina lake. Kitambaa kikining'inia juu mno, ni kupunga hewa tu, miche itarefuka. Kikishuka kidole kimoja zaidi ya inavyotakiwa, kwa mapito ishirini kwa siku, kitaivunja shingo yote, meza kwa meza, na bosi anayeamini anachokiona ataling'oa bomba lile kwa mikono yake. Ingetosha aseme vidole vinne. Profesa angeandika vinne. Na wifi alikuwa bado hajafika hata getini.

Akaitazama miche. Ilikuwa na majani mawili ya kweli, mashina bado mororo, imepangwa trei kwa trei mpaka mwisho wa banda. Akajiona anaivunja. Kazi mbovu alikuwa ameidharau maisha yake yote, kuliko alivyomdharau mtu yeyote, na hiyo dharau ikagoma kumwachia.

"Lete hapa huo mkasi," alisema. "Kishuke vidole viwili chini ya jani la juu. Viwili. Ukiona mche unalala umezidisha, ukiona hauinami ni bure."

"Viwili," Profesa akaandika.

Alivikata vitambaa vyote mwenyewe, akavipima kimoja kimoja kwa vidole vyake. Profesa akabonyeza kitufe. Bomba likaondoka taratibu, miche ikainama chini yake safu kwa safu, ikainuka nyuma yake safu kwa safu, hakuna hata mmoja uliovunjika, hadi kwenye ile kona ya nyuma ya nguzo. Msonyo alilifuata kwa macho kwenda na kurudi akitafuta cha kusonya, akakikosa. Nje alisikia geti likifunguliwa, halafu likafungwa.